Nati ya Reli

Raundi ya mwisho, ukumbi wa reli, Tabora.
Meza ya tatu, chini ya feni isiyozunguka.
Ntamagiro ameshuka alfajiri kwa treni ya Kigoma,
saa saba nyuma ya ratiba,
macho mekundu, begi linanukia migebuka.
Tunapeana mikono. Nabonyeza saa.
Askari wa mbele ya mfalme wake: hatua mbili.

Wengine humjibu kama kioo,
askari kwa askari, paji kwa paji.
Mimi miaka kumi na sita navuta wenzo pale makutanoni:
hii Mwanza, hii Dar, hii kwenu, Ntamagiro.
Najua treni mbili haziamkiani
kwenye reli moja.
Nikasukuma askari wa kando, upande wa malkia.
Sisilia.
Kisiwa, nasikia. Sijakiona.
Njia yake naijua.

Ngome yangu moja ilipotea mwaka juzi.
Mahali pake tumeweka nati ya reli,
nzito, ina kutu, inachafua vidole.
Nayo ndiyo iliyoshika mstari pekee ulio wazi,
na mwisho wa mstari amekaa farasi wake.

Askari zake wananipandia kulia, hawageuki nyuma.
Nikainua nati. Nikamla farasi.
Mwamuzi, Mwalimu Mihayo,
akaacha kutafuna karanga.
Ntamagiro akaitazama ile nati
kama mtu aliyeletewa deni asilolikumbuka.
Akaila.
Akawa anaizungusha kiganjani, anaizungusha,
na mimi nasikia kila pembe yake.

Dakika tatu kwake, mbili kwangu.
Kifo changu nakiona,
kiko hatua moja mlangoni, kimeshavua viatu.
Malkia akaingia. Shaha.
Mfalme wake kando. Shaha.
Akarudi. Shaha.
Mbele, nyuma, mbele,
kama kichwa cha treni kikipanga mabehewa usiku.
“Tulale hapa?” akauliza.
Tukacheka. Nusu kwake, nusu kwangu.

Jioni nilimvutia njia mwenyewe.
Taa nyekundu ya behewa la mwisho ikapinda, ikazimika.
Kufungasha kete, ndipo naona:
ngome nyeusi moja tu.

Sasa imepita Urambo, pengine Kaliua,
mfukoni mwa mtu aliyelala.
Mashindano mengine ni Desemba.
Natembea kando ya reli ya zamani, spana mkononi,
natafuta nati
ambayo hakuna treni itakayoiulizia.