Mapacha wa Brno

"Vuta. Hesabu tano. Toa. Hesabu tano."
Zdenka amelala, miaka sitini na minane,
waya kifuani, theluji dirishani,
na moyo wake unapanda, unashuka,
kigongo kidogo tu kwenye skrini.

Nilipokuwa mwanafunzi nilijipima mwenyewe:
mstari wangu ulikuwa milima.
Nikadhani milima ni haki yangu.

Meza ikasimamishwa. Mapigo yakatimua mbio.
Jasho la mguuni: matone haba.
Kisha akaja Bohumil, pacha wake,
aliyemtangulia duniani kwa dakika kumi na moja
na hajaacha kumkumbusha.
Meza ile ile, pumzi zile zile;
jasho likamtiririka, moyo ukajivuta.

"Nani mgonjwa?" akauliza, kicheko nusu mdomo.
Nikafungua jedwali: ukurasa wa umri,
safu ya wanawake, safu ya wanaume.
Hakuna. Kila mmoja yuko mahali pake.

Zdenka alikuwa akifunga vifungo.
"Tumbo moja," akasema,
"na bado mmetutenga safu."

Nilizima mashine.
Usiku, nyumbani, nikavuta, nikahesabu tano,
vidole shingoni,
nikiitafuta ile milima.