Ngazi ya Tarehe Kumi na Nne

Saa sita usiku, tarehe kumi na nne,
redio ikishasema, mimi hutoa ngazi.
Meneja huishikilia chini, akipiga miayo.

Nambari zetu ni za bati, zimo katika boksi la viatu.
Mwezi uliopita niliipindua sita ikawa tisa,
nikashuka, kazi imekwisha,
hata rangi sikuhitaji.
Kesho yake mahamri ya Maweni yakapungua unene.

Leo tumekwama.
Mbele kabisa, pale pa mamia,
tangu kituo kifunguliwe pamekaa moja,
imeliwa na kutu, imeng'ang'ania ubao kama kupe.
Sasa redio yasema mbili,
na boksini mbili hamna.
Nikakata kopo la oili kwa mkasi,
nikapaka rangi nyeupe, nikagongomea.
Haikutoka vizuri. Shingo imepinda,
yafanana na bata anayetazama nyuma.

Alfajiri, wa kwanza ni Fondo na pikipiki yake.
Akamtazama bata, akanitazama mimi.
"Mbeyu, umeandika wewe?"
Nimeandika mimi.
"Basi tia ya mia."
Mafuta ya mia huingia tangini kimyakimya
kama mume aliyechelewa kurudi.

Haluwa wa kinu cha Barani akaja na jerikeni,
akahesabu sarafu juu ya kifuniko.
"Nikiongeza shilingi tano kwa kilo
watu watasaga kwa meno.
Nisipoongeza, nitasaga mimi mwenyewe, meno yangu."
Akasema atawasha injini mara moja tu, saa nne;
atakayechelewa, kinu cha mkono cha bibi yake kipo.

Saa tatu yakafika magari manne ya mheshimiwa,
vioo vyeusi, injini haizimwi.
Tukayajaza pomoni kwa karatasi yenye mhuri.
Karatasi haina bei. Niliigeuza pande zote mbili.
Kioo kikashuka vidole vitatu:
yu pamoja nasi, akasema,
jioni atahutubia juu ya gharama ya maisha,
tusikose, kutakuwa na soda.
Moshi wake ukabaki na sisi muda mrefu kuliko yeye.

Nilipotoka kazini nilimsimamisha Fondo.
Hadi Ganda, mia na hamsini.
"Jana ilikuwa mia!"
Hakubishana. Alinyoosha kidole tu,
kule juu, kwa bata.

Nikaenda kwa miguu.
Barabara ya Ganda ina mchanga kuliko nilivyokumbuka,
na wengi, wengi wanaotembea,
walimu, wauza maziwa, mtoto na mkungu wa ndizi,
wote kimya, kama waliotoka mazikoni
na hawajakubaliana nani amekufa.

Mkobani nina ile moja ya zamani
niliyoing'oa kwa bisibisi usiku.
Meneja alisema tupa, hairudi tena hiyo.

Sijaitupa.