Siku Tisini

Kiwanda cha kahawa kilikuwa kikitupa maganda
nyuma ya ukuta, upande wa mto Namatala,
lundo refu kuliko lori, likifuka lenyewe mvua ikikatika.
Sisi tulikuwa wawili, mimi na Khaukha,
na mashine moja ya kushindilia makaa, iliyochomelewa Namakwekwe
na fundi anayetudai hadi leo.

Mlinzi akauliza: Kampuni gani?
Tukalitaja jina. Akalirudia polepole,
kama anayeonja chumvi katika mchuzi wa mwenziwe,
kisha akaandika kitabuni:
Wageni. Wawili. Takataka.

Ndivyo tulivyoingia.

Bwana Wepukhulu wa ugavi hakuzitazama chati zetu,
zile tulizozikeshea kwa kompyuta ya kuazima.
Alitazama viatu vya Khaukha, vyeusi kwa vumbi la makaa,
akasema: Mtabeba yote, au mtachagua?
Miezi saba tulijiandaa kwa maswali mengine.
Tukajibu: Yote.
Hatukuwa hata na toroli.

Mwaka mzima tukabeba yote, makavu na mabichi,
kwa bodaboda, kwa trekta ya shemeji yangu ilipokubali kuwaka,
hata wiki zile ambazo hatukuwa na mteja hata mmoja.
Neno lile tulilitamka wenyewe,
na ndiyo mali pekee ya kampuni
ambayo hakuna aliyetukopesha.

Kisha Hajati Nabirye wa Nkoma, mwenye tanuri mbili,
aliyechoshwa na bei ya kuni,
akatujaribu kwa magunia kumi.
Gunia la sita lilikuwa na unyevu.
Saa kumi alfajiri simu ikalia:
Njooni mchukue moshi wenu.

Pole ya simu haigeuzi mkate. Tulikwenda.
Mikate mia tatu ilinuka kama kibanda cha kubanikia samaki,
na shule mbili zilikuwa zikiisubiri.
Khaukha alikwangua majivu, nyusi zikamwungua;
mimi nikagonga kwa jirani kutafuta kuni,
nikalipa kwa pesa ya kodi ya chumba.
Kulipopambazuka, Wanale ikajitokeza
na maporomoko yake membamba kama uzi uliosahauliwa kukatwa,
nasi tulikuwa bado tunapanga kreti.
Hajati alihesabu. Hakusema asante.
Alisema: Mkataba uwe mfupi. Nitausoma mwenyewe.

Ulikuwa mfupi. Mstari wa nne ulisema
malipo ni siku tisini baada ya ankara.

Siku tisini!
Maharage huota, hukomaa, huliwa.
Tumbo la kampuni changa halijui kuhesabu hata thelathini.
Tulitia sahihi, kalamu ya Hajati, mikono yetu,
kisha tukanywa chai yake kimya.

Mwezi wa saba ikaja barua ya kiwanda, ina mihuri miwili:
kuanzia sasa maganda yana bei, kwa tani.
Takataka ilikuwa imepata baba.
Khaukha alitaka kugomba. Nilimwambia chukua daftari.

Mezani kwa Wepukhulu tukalifungua:
kila safari, tarehe, uzito, mvua au jua,
safari mia nne na kumi na mbili.
Alisoma kwa kidole. Akasimama ukurasa mmoja.
Hata Krismasi mlikuja?
Krismasi tulichelewa, nikasema. Tulifika saa sita.

Hatukuomba punguzo.
Tuliomba atudai polepole: siku tisini.
Akacheka, mara ya kwanza kuyaona meno yake,
akaandika tisini na tano,
akasema hizo tano ni za gari kuharibika.

Sasa tunaishi humo, ndani ya siku tano,
chumba chembamba kati ya anayetulipa na tunayemlipa.
Usiku mwingine nasikia ukuta ukisogea.
Fundi wa Namakwekwe naye amepewa tarehe; hakuifurahia.

Mlinzi siku hizi hatuulizi.
Huliandika jina letu lote kitabuni
na herufi moja huikosea kila mara.
Hatujamsahihisha.