Raba

Siku ya kwanza alitamka neno la kwao, raba,
nami nikaangalia miguu ya wasichana.
Kwetu raba ni viatu vya kukimbilia.
Kwao Estonia, alisema Mwalimu Helve,
raba ni nchi isiyojijua kama ni maji au udongo;
ukiikanyaga nje ya njia ya mbao
inakumeza hadi goti, na kiatu hakirudi.
Basi hatukuwa tumepotezana sana.

Maabara ya wasichana, Ibra, Oktoba,
kiyoyozi kinakohoa.
Mimi mtunza maabara, mimi mkalimani:
Kiingereza chake nakigeuza Kiarabu kwa ajili ya darasa,
na kichwani nakigeuza tena Kiswahili
kwa ajili ya mama, atakayeniuliza jioni
mgeni kasema nini.

Kasema nusu ya nchi yao ni msitu.
Kasema msitu, hata ukiwa wa mtu, hauna mlango:
unaingia, unachuma uyoga na vitunda vyekundu,
unatoka, husemeshwi.
Kasema kuna pahala wana majira matano,
ya tano ni ya mafuriko, watu wanazuriana kwa mtumbwi.
Ghaniya binti Humaid akanyoosha mkono:
"Sisi mafuriko huja saa moja tu,
yakaondoka na gari la ami yangu."
Helve akacheka, kisha akaacha,
akauliza gari lilipatikana wapi.

Kasema watoto wake huwapeleka msituni mvua ikinyesha,
kila mmoja akapewa mti,
asimame nao dakika kumi bila neno.
Rayya akauliza, "Na mti unapata alama ngapi?"

Kisha akatoa kwenye mfuko wa karatasi
kitu kikavu, cheupe kama mkate wa juzi.
Vitabu vinakiita kuvumwani,
lakini nani kwetu amewahi kumwita jirani
aje aone kuvumwani?
Nikasema: zulia linalokunywa.

Tukalipima. Gramu nne.
Tukaenda kuchota kwenye mfereji wa falaji nyuma ya ukuta,
hapo pakazuka maneno,
maana maji ya falaji yana wenyewe:
nusu saa hii ya fulani, inayofuata ya wajane wa fulani,
na zamu ilikuwa ya kina Ghaniya.
"Chukueni. Nitamwambia baba ni elimu."

Tukamimina. Likanyanyuka,
likaingia ukijani mbele yetu, bila haraka,
kama mtu anayekumbuka jina lake.
Gramu sabini na tisa.
"Linakunywa kama ngamia!"
"Ngamia," alisema Helve, "aliyepiga magoti
miaka elfu nane, hajainuka."

Siku mbili alikuwa mgeni. Ya tatu tulimpa jembe kweli,
akapalilia bustani ya shule hadi shingo ikawa komamanga.
Ya nne akaondoka.

Zulia tuliliweka dirishani.
Ijumaa linakauka, Jumapili tunalinywesha,
linarudi.
Wiki ya tatu halikurudi.
Wasichana walimimina, walimimina,
maji yakashuka mezani, yakaingia viatuni.

Jioni nikamwambia mama. Hakusema pole.
Alisema: mwaka wa sabini na tatu nilitoka Pemba
na mche wa mkarafuu ndani ya kopo la maziwa.
Ukatoa majani mawili. Ukafa Julai.
Niliulilia kuliko nilivyomlilia shangazi.
"Na mchaichai?"
"Mchaichai hauna adabu, unaota popote.
Kama wewe."

Ghaniya ameandika barua, mimi nimeifasiri,
makosa mawili nimeyaacha kwa sababu ni mazuri.
Inasema: Zulia lenu limekufa, samahani,
tulilipa maji ya watu, mengi.
Msitume jingine.
Ila kama upo mti ambao bado haujapewa mtoto,
niwekeeni.
Nitakuja na viatu nisivyovipenda.