Picha Kamili ya Damu

Nilikwenda Temeke kupima malaria.
Mwanakheri wa maabara akafunga mpira, akajaza kichupa,
mashine ikahesabu nyekundu, nyeupe, chembe sahani.

Malaria hakuna.
Ila nyeupe zimezidi kidogo,
naye akatazama kitambi changu, si uso.
"Hesabu haishtaki, kaka Pazi, inanong'ona.
Kapige altrasaundi ya ini."

Ini? Mimi nisiyegusa hata mnazi?

Kumbe chipsi mayai za Mtongani, saa nane usiku,
na soda mbili za lindo,
zilikuwa zikijiwekea akiba humo,
kimya,
bila kitabu.

Wezi wamenitukana, bosi naye kanitukana,
sikukatwa maini.
Leo yamekatwa
na tarakimu tatu:
kumi na moja nukta mbili.