Smati

Kiboriloni, jua halijapanda,
muuza mitumba kasimama juu ya meza yake
anapiga makofi: "Smati, smati, vaa uwe smati!
Buku tano koti, bosi wako akuogope!"
Mimi mwenye shati moja na usaili kesho saa nne
nikachagua koti la mtu aliyekufa ng'ambo,
au aliyenenepa, nani ajuaye,
mfukoni mna tikiti ya garimoshi na kitufe kisicho chake.

Neno lenyewe nililikuta nyumbani, Njoro,
kabla sijajua kusoma.
Mama alikuwa dobi. Pasi yake ya mkaa
ilikuwa na jogoo wa shaba juu ya kifuniko,
na mashati ya makarani wa kahawa
yaliingia kwake kama matambara yakatoka na heshima.
"Mtu akivaa hili," alisema, "hata deni lake linanyooka."

Maneno yetu tulikuwa nayo.
Mtanashati: refu mno, kama foleni ya KCMC.
Nadhifu: hilo la bwana afya na daftari lake.
Maridadi aliwaachia mabibi harusi.
Yeye alipenda smati,
kwa sababu, alisema, pasi yenyewe hulitamka
ikigusa kitambaa chenye maji:
sss—

Mwalimu Senzighe, suruali mbili kwa wiki,
alilipa kwa kuchelewa, na riba alilipa kwa maelezo.
Siku ile pasi ilimteleza mama, ikamlamba mkono.
Akavuta pumzi kwa meno: sss—
"Hilo hasa," akasema mwalimu. "Ndilo neno."
Akavuta kigoda.
Zamani sana, huko Uingereza, kabla neno halijavaa koti,
lilikuwa sifa ya kitu kiumacho:
fimbo iwashayo, kidonda kilichomwagiwa chumvi.
Baadaye ulimi uchomao ukaitwa hivyo,
kisha akili inayochoma upesi,
na mwisho kabisa, baada ya karne na karne,
mtu aliyechana nywele.

Mama alikuwa anajipaka dawa ya meno juu ya lengelenge.
"Kwa hiyo waliungua kwanza, ndipo wakapendeza?"
"Na sisi je?" mwalimu akasema. "Kisu kikali. Pilipili kali.
Mbwa mkali, usiingie.
Halafu kijana wako huyu, nimemsikia jana:
viatu vikali, mwanangu, umevitoa wapi?"
Mama akacheka, akakung'uta majivu.
"Basi nilipe, mwalimu.
Mimi nimekuwa smati tangu asubuhi."

Hakulipa. Alifariki mwaka ule wa mvua nyingi
na suruali zake mbili ziko kwetu hadi leo, zimekunjwa.

Usiku huu umeme umekatika.
Mama ameitoa pasi ya jogoo chini ya kitanda,
namulika kwa simu aigonge kutu.
"Hiyo nayo wanaiita janja," anasema.
"Janja ni sifa ya mwizi wa kuku.
Wangeiita kali, tungejihadhari nayo."
Analinyoosha koti la mgeni, kola kwanza, kisha mikono.
Kovu lake, umbo la ncha ya pasi,
linakwenda na kurudi katika mwanga wangu.

Saa nne kasorobo, ghorofa ya pili,
dirishani mnara wa saa, na mlima umejifunika.
Watu watatu, maji ya chupa, kalamu.
Jieleze kwa neno moja, wanasema, kwa Kiingereza.
Nikalisema.
Wote watatu wakaandika.
Sijui waliandika la zama zipi.
Ukosi wa koti ulikuwa unaniwasha shingoni
na sikujikuna.