Sekunde Nne

Nilikipakua bure, sekunde nne,
upepo wa Akureyri ukigonga dirisha kama mdai.
Sikuvunja kufuli. Sikumwamsha mbwa.
Rafuni dukani hakikupungua hata kimoja.

Leo Hallbera kaketi ng'ambo ya mvuke,
maji ya moto shingoni, nywele zimeganda barafu.
"Sura ya tisa," nikaropoka, "ilinitoa machozi."
Akatabasamu. "Ulikinunua wapi?
Vimeuzwa arobaini na kimoja,
na wanunuzi wote nawajua kwa majina."

Nikazama mzima.
Chini ya maji nikapiga hesabu:
miaka sita ya kuandika,
zamu za usiku kiwanda cha maziwa,
sekunde nne zangu.

Nilipoibuka alikuwa bado ananingoja,
taulo mkononi,
anataka kujua
ni sentensi ipi iliyoniliza.